Swali Nililolimeza Kwenye Kaunta ya Magari

Mlionitumia matusi wiki jana, nimeyapata yote. Asanteni. Mmoja ameandika kwamba mwanamume anayeficha leseni ya mke wake chini ya godoro anastahili kulala juu ya godoro hilo peke yake mpaka kiama. Ndugu yangu, tulia kwanza. Ya leo hujayasikia.

Kwa aliyechelewa, mambo yako hivi. Mimi ni karani wa kaunta ya magari ya kukodi, pale uwanja wa ndege, ukumbi wa wanaowasili. Mke wangu nilimfundisha kuendesha mimi mwenyewe. Akafaulu, akapata leseni, akaitwa usaili wa udereva wa gari la zahanati. Hapo roho mbaya ikanipanda. Nikaificha leseni siku ishirini na moja, na kila siku iliyopita nikaitia alama ya vema kwenye kalenda ya jikoni. Akiuliza alama za nini, nasema nahesabu siku za gesi.

Siku ya ishirini na mbili akapindua godoro.

Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Katika hadithi hii yote, hilo ndilo jambo pekee la kiungwana nililofanya, kwa hiyo lishikeni.

Usaili ulikuwa umeshampita. Zahanati ilimpa nafasi nyingine, Jumatatu, mradi leseni iwe safi, haina ripoti yoyote ya polisi. Naye akampigia simu kaka yake. Na mliponiacha wiki jana, kaka mtu alikuwa ameshuka kwenye ndege kuja kumchukua dada yake, watoto wangu wawili na kila kijiko cha nyumba ile. Akafuata bango la magari ya kukodi. Akafika kaunta. Akanikuta mimi, tai ya kampuni shingoni, natabasamu kwa amri.

"Kumbe ndipo unapojificha," akasema shemeji.

"Karibu sana, mteja."

"Mteja ni mimi? Basi leo utanihudumia mpaka uchoke."

Nyuma yangu alisimama msimamizi wetu. Sisi makarani tunamwita Rula, maana hakuna kitu asichokipima, hata upana wa tabasamu. Ningemjibu shemeji inavyostahili, ningefukuzwa kazi kabla ya saa nne asubuhi. Nikatia ulimi puani.

"Ungependa gari gani, mheshimiwa?"

"Refu. Lenye paa la juu. La kubeba kabati, vitanda, na heshima ya dada yangu uliyoitupa jikoni."

"Kwa siku ngapi?"

"Siku? Kwako nikae siku? Alasiri narudisha gari lenu, mizigo inaingia ghala la ndege, jioni tunapanda sote. Wewe utabaki na kalenda yako."

Alijua habari za kalenda! Mke wangu alikuwa amemwambia kila kitu. Masikio yalinishika moto.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi msafirio na kudhani karatasi za kaunta ni za kusaini tu. Chukieni roho yangu, lakini ukarani wangu msiuchukie. Mimi mteja akija humweleza kila kitu hata kama hakuuliza. Humwambia kwamba bima ya msingi inabeba milango na ubavu, lakini kioo, tairi, chini ya gari na paa haivigusi. Humwambia azunguke gari na mimi kabla ya kuwasha, apige picha kila mkwaruzo, maana mkwaruzo usioandikwa asubuhi jioni ni wako. Na humwuliza swali moja ambalo Rula anatuchunga nalo usiku na mchana. Nitalifikia.

"Kuna bima kubwa," nikamwambia shemeji. "Inabeba na kioo, tairi, paa..."

"Acha!" Akapiga kaunta kofi. "Unataka kunichuna. Andika nimekataa."

"Utaandika mwenyewe, mheshimiwa. Kalamu hiyo hapo."

Kaunta yetu ina kalamu moja ya wateja, imefungwa kwa uzi ili isitembee. Kanuni ya Rula ni kwamba kila kisanduku kwenye fomu mteja anakitia alama kwa mkono wake, karani asiguse. Karani anasoma swali kwa sauti, mteja anajibu kwa kalamu. Shemeji akaivuta, akatia alama ya kukataa bima kubwa, akabonyeza mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Hapo simu yake ikaita.

"Ndiyo, dada. Nimefika salama." Akanigeuzia mgongo. "Niko naye hapa! Naapa! Anatabasamu kama tangazo la dawa ya meno."

Rula alikuwa ameitwa kaunta ya pili. Fomu ilikuwa mbele yangu, na swali lililofuata ni lile lile: Je, kuna mtu mwingine atakayeendesha gari hili? Kuna. Hakuna.

Hilo ndilo swali la kumwuliza kila mteja hata kama ni bubu. Bima yetu inamfuata dereva, haifuati gari. Aliyeandikwa anaendesha akiwa amefunikwa. Asiyeandikwa akishika usukani hata hatua kumi, bima yote inaanguka, ya msingi na isiyo ya msingi. Kumwandika dereva wa pili ni dakika mbili. Unaonyesha leseni au unataja namba yake, basi.

Na mimi shemeji namjua. Safari zote za familia anashika usukani nusu saa, kisha anamwachia yeyote aliye karibu, yeye anakoroma. Nilijua atamwachia mtu, pengine mmoja wa wapagazi atakaowakodi. Nilitaka amwachie. Nilitaka mkwaruzo mmoja tu, kisha arudi kaunta na maneno yake makubwa, nami nimwambie kwa sauti ya upole, pole sana mheshimiwa, bima yako haipo.

Nikaichukua ile kalamu ya uzi. Nikatia vema kwenye Hakuna. Shemeji alipomaliza simu, akasaini chini bila kusoma, macho yake yakiwa usoni kwangu, akitafuta neno jingine la kunichoma.

Aliye karibu angekuwa nani, sikulifikiria hata kidogo.

Nje tulizunguka gari. Hapo nilifuata kanuni zote. Mikwaruzo miwili ya mlango tuliandika. Shemeji akapiga picha mbele, nyuma, tairi, kisha akanipiga na mimi.

"Hii ya nini?"

"Ya watoto. Wakiuliza baba alifananaje."

Niliona giza mchana. Ningekuwa na spana mkononi, leo ningewaandikia kutoka gerezani.

"Narudishia wapi?" akauliza, ameshapanda.

Kila mteja tunampa kikaratasi cha njano chenye ramani. Magari ya kukodi hayarudishwi kwenye maegesho ya abiria. Yanarudishwa yadi yetu, nyuma ya kituo cha mafuta, mahali pa wazi, juu hakuna kitu. Maegesho ya abiria ni ya ghorofa, na mlangoni pana boriti ya chuma ya kuzuia magari marefu. Gari la shemeji liliizidi boriti ile kwa shubiri nzima. Vikaratasi vya njano vilikuwa mfuko wa shati langu, kama kumi hivi.

"Hapa hapa uwanjani," nikasema. "Wewe fuata mabango ya maegesho."

Akawasha, akanitemea vumbi, akaondoka kwenda kunibomolea nyumba.

Siku hiyo sikula. Nilihudumia wateja kumi na mmoja, na wote niliwauliza lile swali kwa sauti ya juu mpaka mmoja akadhani ni kiziwi mimi. Kila dakika nilikuwa nyumbani kwa mawazo. Sasa wanafungua kabati. Sasa wanakunja mapazia. Sasa binti yangu anauliza kama paka naye anapanda ndege. Nilimchukia shemeji, nikamchukia mke wangu kwa kumwita, nikajichukia kidogo, nikarudi kwa shemeji.

Saa tisa na robo, mlinzi wa maegesho akaja mbio. Tunamwita Filimbi kwa sababu haiweki chini hata akila. Siku hiyo ilikuwa inaning'inia tu.

"Karani! Gari lenu limekwama kwenye boriti! Paa limefunguka kama kopo la samaki!"

Jamani, nitasema ukweli kwa kuwa ndiyo kazi ya safu hii. Nilifurahi. Furaha ile ilianzia tumboni ikapanda mpaka meno. Nilichukua fomu, nikamwita Rula, nikatembea kwenda kule nikijipanga maneno. Pole sana mheshimiwa. Pole sana.

Pale mlangoni foleni ilikuwa imefika barabarani. Honi kila upande. Mama mmoja alikuwa ametoa kichwa dirishani anapayuka, "Toeni huo mkebe wenu, nitakosa ndege!" Gari refu lilikuwa limeingia nusu, boriti imelikalia juu, bati la paa limejikunja nyuma. Milango ya nyuma ilikuwa imefunguka kwa kishindo. Ndani mlikuwa tupu. Kitanda hakuna, kabati hakuna, hata mto. Niliona kwa macho lakini kichwa kilikuwa bado kwenye sherehe yake.

Kisha mlango wa dereva ukafunguka, mguu ukatoka.

Kile kiatu nakijua. Ni cha raba, bapa, soli nyembamba. Nilikinunua mimi, siku ya somo la kwanza, nikamwambia ukitaka kuisikia klachi vua hivyo visigino.

Mke wangu akashuka. Hakuumia popote. Alionyesha bango kwa kidole, shemeji naye anashuka upande wa pili.

"Bango lilisema maegesho," akasema, hata sijui anamwambia nani. "Nilifuata bango."

"Nani alikuwa anaendesha hapa?" akauliza Rula.

"Mimi."

Filimbi akatoa upepo tairi zote nne, gari likashuka vidole viwili vitatu, wakalivuta nyuma. Huo ujuzi ni wake, na siku hiyo sikuwa na nguvu ya kuusifu. Tukarudi kaunta: Rula mbele, shemeji anatokwa povu, mke wangu ubavuni kwake, mimi nyuma na ile fomu inaloa jasho mkononi, na Filimbi akitufuata.

Rula akaitandaza. Akaipima mstari kwa mstari kwa kidole.

"Mama, jina lako halimo."

"Ni mdogo wangu!" akasema shemeji. "Ana leseni! Mwonyeshe leseni!"

Mke wangu akaitoa. Ilikuwa bado imejikunja kona moja, kwa sababu ya godoro langu.

"Leseni ni nzuri," akasema Rula. "Lakini hapa pameandikwa hakuna dereva mwingine. Bima imeanguka yote. Na kampuni hii, mtu akiendesha gari letu bila kuandikwa akaligonga, tunapeleka taarifa polisi. Wao wanaiweka kwenye leseni yake."

"Jumatatu nina usaili," mke wangu akasema polepole. "Wa udereva."

"Pole, mama. Sikuitunga mimi."

"Hakuna aliyeniuliza!" Shemeji akanielekezea kidole mpaka karibu na jicho. "Huyu mtu hakuniuliza habari ya dereva wa pili! Aliniuliza bima, hilo kweli, nikakataa, kosa langu. Dereva hakuniuliza!"

Rula akanigeukia. Nimefanya naye kazi mwaka mzima, na tangu nimjue hakuwahi kunitazama bila kunipima tai. Siku hiyo alinitazama machoni.

"Karani. Ulimwuliza au hukumwuliza?"

Nikisema sikumwuliza, kazi sina, na mke wangu na kaka yake watajua nilitega mtego. Nikisema nilimwuliza, mzigo unamwangukia aliyeshika usukani. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Sikufikiri. Nilimwona shemeji tu, na kidole chake.

"Nilimwuliza," nikasema.

"Na alama hii ni yake?"

"Ni yake."

"Mwongo!" Shemeji alirukia kaunta, Filimbi akamdaka kiunoni. "Mwongo mkubwa wewe, usiye na haya! Unajua kwa nini gari ni tupu? Unajua? Nimemfungia dada yangu maboksi, ameyafungua! Nimefunga tena, amefungua tena! Amekataa kuondoka!"

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anatazama kaunta.

"Nikamwambia, huyo mume ni nyoka," shemeji akaendelea, sauti inamkatika. "Akaniambia, kaka, nilipomwuliza uso kwa uso alikubali. Hakuzunguka. Akasema, mtu anayekubali kosa naweza kukaa naye, kazi nitaipata, yeye atazoea. Akasema anakuja kukwambia mwenyewe, hapa, leo hii, kabla sijapanda ndege. Akaniomba usukani anionyeshe anavyojua. Nikampa! Dakika arobaini, hajakosea hata kona moja! Anaendesha kuliko mimi! Kuliko wewe, mshenzi!"

"Kumbe ni mume wake?" akauliza Rula. Akachukua daftari lake, akaandika kitu.

Nilitaka ardhi inimeze. Najua kila mtu husema hivyo. Mimi nilikuwa naitazama hasa ile sakafu, marumaru kwa marumaru, natafuta ufa.

"Naomba niione hiyo fomu," mke wangu akasema.

Rula akamsogezea. Mke wangu hakusoma maneno. Alikwenda moja kwa moja kwenye visanduku. Kwenye bima kubwa palikuwa na alama ya kaka yake, mkato mmoja mfupi wa hasira. Chini yake, kwenye Hakuna, palikuwa na vema.

Vema zangu zina mkia. Nazianza ndogo, nazivuta kwenda juu mpaka zinatoka nje ya kisanduku, kisha nazikunja nchani. Mwalimu alinichapa sana kwa mkia ule na haukuisha. Duniani pana mtu mmoja tu aliyewahi kukaa mbele ya alama hizo akazihesabu moja moja, jikoni, leseni mkononi.

Akaipitishia kidole, kutoka chini hadi kwenye kikunjo.

"Ishirini na mbili," akasema.

Shemeji hakuelewa. Rula hakuelewa. Rula alikuwa ameshatoa karatasi nyingine, ile ya taarifa, anaipima kona zikae sawa.

"Mama, kwa kuwa karani wetu anasema aliuliza, itabidi ukubali kwa maandishi kwamba uliendesha bila idhini. Saini hapo chini. Kama una neno la kusema, liseme sasa, maana nikiituma hairudi."

Nilingoja aliseme. Alikuwa nalo. Neno moja tu kutoka kwake, na mimi ningetolewa tai pale pale mbele ya abiria.

Hakulisema. Akaivuta ile kalamu ya wateja. Uzi wake ni mfupi, Rula aliupima mwenyewe, kwa hiyo mtu akitaka kusaini hana budi ainame juu ya kaunta. Mke wangu akainama. Uso wake ukaja shubiri moja kutoka kwangu.

Akaweka ncha ya kalamu juu ya mstari, akaninyanyulia macho.

"Nisaini, baba watoto?"